Maziwa ya Benja

Harufu ya Dzamandzar ilikuwa ya sukari inayoanza kuungua. Ilitoka kwenye bomba la moshi la kiwanda, ikatua juu ya nguo zilizoanikwa, ikaingia kwenye wali na kwenye nywele zetu, hata kwenye kurasa za kitabu cha nyimbo ambacho Mama alikifunga kwa kitambaa kisije kikaliwa na mende. Wageni walioshuka Nosy Be walisema kisiwa kinanukia maua, na ni kweli, upande wa mashamba ya mlangilangi kilinukia. Lakini sisi tuliokaa nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda hatukuwa na harufu nyingine. Baba alikuwa fundi wa matangi ya mvuke. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha na ndicho kilichotuambia saa ya kula, na msimamizi wake, Mfaransa mwenye kofia ngumu nyeupe, ndiye aliyeamua nani apumzike na nani asipumzike. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto pekee wa nyumba ile, na niliamini mambo yote duniani yanaamuliwa na watu wawili, yaani yule msimamizi na Mungu.

Mungu nilimjua kupitia kwa Mama. Hakuwa mtu wa sala ndefu. Alikuwa na maneno machache aliyoyasema wakati wowote, macho wazi, mikono ikiwa kazini: "Mungu, nipe akili ya leo." Aliyasema kabla ya kukata kitambaa cha gauni, kwa sababu kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Aliyasema kabla ya kumjibu mtu. Nakumbuka jirani mmoja alikuja mlangoni na kumwita mwizi wa ndoo mbele ya watu. Mama alisimama ameshika mwimo wa mlango, midomo yake ikatikisika kidogo, kisha akatoka, akaenda na yule mwanamke nyumba hadi nyumba kuitafuta ile ndoo mpaka ikapatikana kisimani. Jioni nilimuuliza kama Mungu ndiye aliyemwambia afanye vile. Alifikiri kidogo, akasema, "Sijui. Niliomba, halafu nikaona ndoo inatafutika." Basi nikawa nadhani hekima ya Mungu ni kitu kinachokuja upesi, kama vile mtu aliye chumba cha pili anavyokuitikia ukimwita.

Mwaka ule Mama alikuwa mjamzito. Baada ya kuzaliwa mimi, mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika, na muuguzi wa kiwandani alimshauri asizalie kisiwani, aende hospitali kubwa ya Mahajanga. Baba aliomba ruhusa ya kutusindikiza, msimamizi akakataa kwa sababu miwa ilikuwa inasagwa. Tukaenda wawili, mimi na Mama, kwa meli ya pwani. Alikaa juu ya sanduku letu muda wote, mkono mmoja juu ya tumbo. Mahajanga tulipokelewa na Shangazi Rahely, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya kanisa na kiongozi wa wanawake wa Kiprotestanti. Aliishi Mahabibo, katika nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, mahali ambapo vumbi jekundu liliingia hata ndani ya chumvi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye haki. Kila asubuhi, kabla hajaenda shuleni, alitukalisha kwenye mkeka na kumtaka kila mmoja ataje jambo moja linalohitaji hekima ya Mungu siku ile. Mimi mara nyingi nilitaja hesabu.

Dirisha la chumba tulicholala lilifunguka kwenye ua wa jirani. Majirani hao walikuwa Wakomoro, Waislamu, na kichwa cha nyumba alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Echati, ingawa mtaa mzima ulimwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao. Binti yake Zaina naye alikuwa mjamzito. Yeye na Mama waliongea kwa kupitia dirishani, Kimalagasi chetu cha kaskazini kikichanganyika na Kikomoro chao, wakilinganisha miguu iliyovimba na kucheka. Maneno nitakayoyaandika hapa hayakusemwa kwa Kiswahili. Kiswahili nilikuja kukijua baadaye sana, nilipoolewa na mpishi wa meli kutoka Tanga, na sasa ndiyo lugha ninayoiandika vizuri kuliko nyingine.

Mdogo wangu alizaliwa salama. Alikuwa mvulana, na Shangazi akampa jina alilolituma Baba, Benja. Niliruhusiwa kumshika mara mbili. Siku ya kumi alikataa kunyonya, mwili ukawa moto na mgumu kama kipande cha mti, na siku ya kumi na moja akafa mikononi mwa Shangazi njiani kurudi hospitali. Alizikwa siku hiyohiyo. Nakumbuka wimbo ulioimbwa, nakumbuka viatu vya mchungaji vilivyoshonwa kwa waya, nakumbuka mchwa waliotoka kwenye udongo uliochimbwa. Sikulia. Nilijua kwamba natakiwa kulia, nikawatazama watoto wengine ili nione wanavyofanya. Kifua changu kilikuwa kama mguu ulioulalia vibaya ukafa ganzi. Nilikuwa najua ni changu, lakini nikikigusa sikukisikia.

Mama aligeukia ukuta. Hakupiga kelele, hakumlaumu mtu. Alikula alipopewa, akajibu alipoulizwa, na yale maneno yake machache hakuyasema tena. Nilikuwa nayasikiliza. Asubuhi kwenye mkeka, zamu yake ilipofika, alisema, "Sina," na Shangazi akapita kwangu. Lakini mwili wake haukujua kilichotokea. Maziwa yalikuja mengi, yakamwagika. Shangazi alimfunga kifua kwa vitambaa ili yakauke, akavibadilisha asubuhi na jioni, na kazi ya kuvifua ikawa yangu. Nilivikamua kwenye beseni, maji yakawa meupe, nikayamwaga kwenye shina la mpapai. Nilifanya hivyo kila siku kwa uangalifu mkubwa. Nilikuwa nimejiambia kwamba hayo ni maziwa ya Benja.

Juma hilohilo Zaina alijifungua mvulana, na siku ya tatu akafariki kwa kutokwa damu. Upande mmoja wa ukuta watu waliimba nyimbo zetu za faraja, upande wa pili wakasoma hitima yao, na waombolezaji wakakopeshana mabenchi. Kisha watu wakaondoka pande zote mbili, akabaki yule mtoto. Aliitwa Ahamada. Walimpa maziwa ya mbuzi, wakampa maji ya mchele, baba yake akaleta maziwa ya kopo kutoka bandarini alikofanya kazi, na vyote mtoto alivitapika. Tulimsikia. Mwanzoni alilia kwa nguvu, na kila alipolia nilimwona Mama, akiwa bado ameelekea ukutani, anakunja mikono juu ya kifua, na vitambaa vinaloa.

Jumatatu, Shangazi akiwa shuleni, Koko alibisha hodi. Nilifungua mlango nusu.

"Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

"Amelala."

"Nitamngoja aamke."

"Amelala sana," nikasema.

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu na kanga yake ilinuka maziwa yaliyochacha. "Akiamka mwambie Koko amekuja. Mwambie mtoto hashiki kitu tumboni. Yeye atajua ninachomwomba."

Nikaitikia. Mama hakuwa amelala. Alikuwa chumba cha pili, macho wazi. Niliingia, sikumwambia kitu, nikafunga dirisha na komeo lake. Aliniuliza kwa nini, joto lote lile, nikasema vumbi. Nimejiuliza maisha yangu yote ni kitu gani kilichonituma. Sikuwa na chuki na wale watu. Zaina aliwahi kunisuka nywele. Sikuwa na huzuni pia, maana huzuni ningeitambua. Niliona tu kwamba kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki cha Benja, na mtu amekuja kukiomba.

Jumanne alikuja tena. Safari hii sikungoja aulize. "Mama anaumwa," nilisema. "Shangazi amesema asisumbuliwe." Shangazi hakuwa amesema lolote, hakujua hata kama Koko alifika. Koko aliangalia juu ya bega langu, kwenye kamba ya nguo, ambako vitambaa vilikuwa vinakauka, vinne kwa mstari, na alama zake za manjano. Alikuwa mwanamke aliyezaa, alijua anachokiona. Angeweza kunisukuma akaingia. Lakini nyumba ilikuwa ya msiba, na kwa desturi ya mtaa wetu wakubwa wakitaka kukataa jambo bila kutiana aibu humtuma mtoto mlangoni. Alidhani nimetumwa. "Haya, mwanangu," alisema, akageuka. Alasiri ile mtoto hakulia sana. Alitoa sauti nyembamba, kama bawaba ya mlango, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na nikaona kunyamaza kwake kunasikika kuliko kilio, hata kwa dirisha lililofungwa.

Jumatano asubuhi tuliketi kwenye mkeka. Shangazi alitaja jambo lake, kuhusu mwanafunzi aliyekuwa mtoro. Mama akasema, "Sina." Zamu yangu ikafika. Sikuwa nimepanga kusema. Nilisema kwa sauti ileile niliyotumia kutaja hesabu.

"Mtoto wa Koko anakufa. Koko amekuja mara mbili kumwomba Mama maziwa. Nilimwambia Mama amelala."

Shangazi alifunga kitabu alichokishika, akaniuliza kama nasema kweli, nikasema ndiyo. Kisha akamgeukia Mama, na alipoanza kusema aliongea taratibu, kama mtu anayepima kila neno.

"Wifi, sikiliza kwanza. Hili si jambo la kukurupuka. Wale ni Waislamu. Kwao maziwa ni undugu, huyo mtoto atakuwa amefungwa na nyumba yetu na sisi na yake. Wako watakaosema tumeiacha imani, na upande wao wako watakaosema tunamwinda mtoto. Na wewe mwenyewe bado hujapoa. Tuombe. Mchungaji yuko vijiji vya mtoni, akirudi tutamuuliza."

"Anarudi lini?" Mama aliuliza.

"Jumamosi."

Mama alikaa kidogo akitazama mikono yake. Ninaweza kusema kwa hakika kwamba nilimsikiliza. Niliangalia midomo yake nikitafuta yale maneno, na midomo haikutikisika. Alinyanyuka, akaniambia nilete maji. Nilipoleta alifungua vitambaa, akanawa kifua, akavaa gauni lake la nyumbani, akatoka. Shangazi hakumzuia. Alibaki amekaa kwenye mkeka na kitabu kilichofungwa, akachelewa shule, jambo ambalo sijalisikia kutokea siku nyingine.

Nilimfuata. Nyumbani kwa Koko wanaume walitoka uani walipomwona, na Koko akatandika mkeka bila kuuliza habari. Mtoto alikuwa kwenye ungo uliowekewa nguo. Alikuwa mdogo kuliko Benja siku ya mwisho, ngozi ya uso imelegea kama ya mzee. Koko alimnyanyua, lakini kabla hajampa Mama alisema, "Nikuambie kwanza, usije ukasema hukuambiwa. Akinyonya kwako ni mwanao. Na huyu," akanionyesha kwa kidevu, "ni dada yake. Kwetu hilo halifutiki."

"Nipe," Mama alisema.

Mtoto hakuweza kunyonya. Alikuwa amechoka kiasi cha kutojua chuchu ni kitu gani. Mama alimkamulia tone kwenye pembe ya mdomo, akangoja, akakamua jingine. Matone yalitiririka shavuni. Ilichukua asubuhi nzima. Nilidhani Mama atalia, au atamkumbatia yule mtoto, au atatabasamu, kama inavyokuwa kwenye hadithi tulizosomewa Jumapili. Uso wake haukubadilika. Alitazama msumari ukutani ambako nguo ya Zaina ilikuwa bado imetundikwa, na mkono wake ukaendelea na kazi kana kwamba si wake. Karibu na adhuhuri mtoto alivuta mara moja, akapumzika, akavuta tena. Koko alikaa chini kwa ghafla, akajifunika uso kwa kanga.

Jioni Mama aliniita. Nilikwenda nikijua nitapigwa, na nilitaka kupigwa.

"Siku ya kwanza ulimwambia nimelala."

"Ndiyo, Mama."

"Siku ya pili?"

"Nilisema unaumwa."

Alikuwa anakunja vile vitambaa ambavyo havikuhitajika tena. "Siku ya pili hukusema uongo," alisema. Akamaliza kukunja, akaviweka kwenye sanduku. Hakuligusia tena jambo hilo mbele yangu kwa miaka mingi, na adhabu niliyoingojea haikuja.

Jumamosi mchungaji alirudi na baiskeli yake, miguu imejaa tope hadi magotini. Shangazi alimweleza yote, pamoja na hofu zake, bila kupunguza. Alikunywa maji, akauliza mtoto ameanza kunyonya lini. Akaambiwa Jumatano. "Basi mnaniuliza juu ya jambo lililokwisha kufanyika," alisema. Kisha akasema kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa mchungaji mwingine. "Mngeniuliza siku ile, ningesema msubiri tuombe. Ningekosea." Jumapili alimtaja Ahamada katika maombi ya kanisa. Wanawake wawili walioketi benchi letu walihamia nyuma, na hawakurudi kukaa nasi tena. Shangazi naye hakuongea na Mama karibu wiki mbili. Lakini kila siku aliporudi shuleni alipita sokoni, akachuma majani ya mlonge yaliyoota nyuma ya nyumba, akapika mchuzi wa samaki mwepesi wa kuongeza maziwa, akauweka mbele ya Mama na kwenda zake.

Baba aliandika turudi Nosy Be upesi, kwa kuwa hakukuwa na cha kutuweka Mahajanga. Mama alinipa karatasi niandike jibu, akaniambia maneno: atarudi mtoto atakapoanza kula uji. Baba hakuandika tena, ila mwisho wa mwezi alituma mfuko wa sukari kwa mkono wa baharia, umeandikwa jina la Koko. Tulikaa miezi mitano. Ahamada alinenepa, akaanza kukaa, akaanza kumtambua Mama akiingia na kumnyooshea mikono. Siku tuliyoondoka alikuwa amelala, na Mama alisema wasimwamshe.

Mama hakupata mtoto mwingine. Yale maneno yake aliyarudia polepole, mwaka uliofuata labda, nilimsikia akiyasema juu ya sufuria. Miaka mingi baadaye, kiwanda kimefungwa na mabomba yake yameota kutu, nilitoka Tanga kwenda kumuuguza, na siku moja nikamuuliza nilichotaka kumuuliza tangu nikiwa na miaka tisa. Asubuhi ile kwenye mkeka, Mungu alimwambia nini? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Sikusikia kitu," alisema. "Nilikuwa kama jiwe. Maziwa yalikuwa yananiuma, na mtoto alikuwa na njaa." Akageuka upande wa pili apate usingizi.

Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa siku ile. Kanisani kwetu Tanga hekima inafundishwa kwa semina na kipaza sauti, na vijana wa kike wananijia kuuliza watajuaje sauti ya Mungu katika jambo la kazi, la mchumba, la mama mkwe. Wanataka jibu la hakika, na wengine wanafunga siku saba kulitafuta. Siwacheki. Sisi tulikuwa na mwanamke mmoja asiyehisi chochote, na mtoto akapona. Sijui kama hilo ni somo, na nikiwaeleza naona nyuso zao zinangoja sehemu iliyobaki. Ahamada yuko Moroni. Aliondoka Mahajanga katika miaka ya baada ya uhuru, Wakomoro walipokuwa hawana tena usalama pale, na wajukuu wake wamejaa nyumba. Hunipigia simu kila Krismasi, nami humpigia kila Idd. Huniita Dada. Anajua kila kitu kuhusu asubuhi ya Jumatano, Koko alimsimulia mpaka akakariri. Jumatatu na Jumanne hazijui. Koko alikufa akiamini kwamba wakubwa ndio waliomkatalia, na akatusamehe wote bila kumtaja mtu.

Kwa zaidi ya miaka sitini nimemwomba Mungu akili ya kujua kama nimwambie au ninyamaze. Sijapata jibu, wala moyo haujanituma. Kiswahili Ahamada anakisoma vizuri, alikuwa karani wa forodha. Mjukuu wangu amekwisha kupiga picha kurasa hizi zote kwa simu yake, na hii ya mwisho anaisubiri hapa mlangoni. Nikiimaliza nitamwambia azitume.